Jina Langu, Damu Yetu

Bugarama, Msalala
Jumapili, baada ya misa

Mdogo wangu Limi,

Mwangaluka. Najua kwanza umetafuna, ndipo ukaishika karatasi hii. Ndivyo nilivyopanga. Ningekutumia barua peke yake ungeitia jikoni bila kuifungua, maana simu zangu umeshaacha kupokea. Nikasema nitaifukia chini ya michembe, nione kama mtoto wa Kisukuma anaweza kutupa michembe. Viazi vyenyewe vimekaushwa na dada yetu Mama Neema mwenyewe, juu ya bati la nyumba yake pale Nyahanga, kabla hajarudishwa tena hospitali. Kwa hiyo kula kwa heshima.

Mama hajambo? Mguu wake umepungua kuvimba, au bado anaufunga kitambaa na kujifanya mzima? Mpe shikamoo yangu, umwambie nimeota anapepeta mtama kwenye ule uwanja wetu wa zamani, nikaamka nikiwa na kiu ya uji wake. Kaka Luhende na ng'ombe wake wamelionaje bonde la Kilombero msimu huu? Tangu mlipohamia huko kufuata malisho, kila nikisikia redioni kwamba mvua za kusini zimezidi nawaza zizi letu limegeuka bwawa. Shemeji Madata naye, na watoto? Na huyu wa mwisho, ambaye mpaka leo nimemwona kwenye picha tu, bado ana yale mashavu?

Mimi mwilini sijambo. Kibanda changu cha chakula bado kipo jirani na karasha, ile mashine ya kusaga mawe, na vumbi lake linaingia hata kwenye sufuria yenye kifuniko. Wateja wangu wameshazoea, wanasema wali wa kwangu una dhahabu, ndiyo maana nauza ghali. Ila juzi juzi dhahabu imetokea mahali papya upande wa pili wa kilima, vijana wakahama kama siafu. Wamebaki wachache tu kwenye maduara, yale mashimo ya zamani, na mimi siku nyingine napika nusu sufuria, nayo inalala. Dhahabu ikihama sisi wapishi tunahama nayo, lakini safari hii sijahama. Kuna jambo limenikalisha chini, na ndilo la barua hii.

Soma peke yako. Usimpe Shemeji akusomee, darasa la saba ulimaliza. Na usisome ukiwa umesimama.

Wifi yetu, mke wa kaka, alinipigia simu akaniambia umepata uvimbe kwenye titi la kushoto, mgumu kama kokwa, na kwamba umemkataza kusema. Usimgombeze, alikuwa analia. Nikakupigia papo hapo. Nilikuwa sijamaliza hata salamu ukanijibu, "Dada Mkubwa, mimi siyo Minza. Haya ni maziwa yameganda." Ukakata. Nilibaki nimeshika simu katikati ya kibanda, mteja ananiuliza chenji yake, namtazama tu kama sijui Kiswahili. Nilikukasirikia, Limi. Nilikukasirikia mpaka jioni, halafu nikaogopa, na woga huo sijautua mpaka leo.

Sasa nianze mbali, hata kwenye yale unayoyajua, kwa sababu tumeyajua vibaya.

Bibi Minza, shangazi yake Baba, alikufa na kidonda kwenye titi kabla sisi hatujazaliwa. Jina lake wakapewa watoto watatu. Wa kwanza ni Shangazi yetu, dada yake Baba. Wa pili ni huyu Mama Neema, binti wa Baba Mkubwa. Wa tatu ni mimi. Mama alikuwa anasimulia kwa furaha kabisa kwamba nilizaliwa nikilia, nikakataa kunyonya, nikabadilishwa majina, nikaendelea kulia, hadi mmoja wa wazee wa kike akasema, "Huyu ni Minza, anataka jina lake." Wakanifunga ushanga mweupe mkononi, wakaniita Minza, nikanyamaza, nikanyonya. Wewe ulizaliwa kiangazi jua likiwaka, ukaitwa Limi, yaani jua, ukanyonya siku hiyo hiyo bila maneno.

Halafu Shangazi Minza akaugua, wakati huo wewe bado unabebwa mgongoni. Akalazwa hospitali ya Kolandoto, na sisi watoto tulipelekwa kumwona mara moja tu, tukasimamishwa mlangoni. Alipozikwa, watu wakaanza kuhesabu. Bibi Minza, titi. Shangazi Minza, titi. Tangu hapo jina langu likawa kama kaa la moto, kila mtu analikwepa. Nikaitwa Dada Mkubwa na wadogo zangu, na wakubwa zangu, na Mama mwenyewe aliyenizaa. Jiulize, tangu upate akili zako, umewahi kuniita Minza?

Sikumbuki siku niliyoambiwa kwamba nitakufa na titi. Hakuna aliyeniambia. Nilikua nalo tu, kama mtu anavyokua na rangi yake. Ndiyo maana yule fundi wa karasha aliponiposa nilimfukuza, nikijua kabisa kwamba nampenda. Nilisema sitazaa watoto wa kuwaacha yatima. Sasa ana mke na watoto huko Ushirombo, na akipita hapa kununua vipuri ananisalimia kwa adabu, "Habari za kazi, dada." Iliniuma, na inaniuma hadi leo.

Na lile la kwako. Ulipojifungua mtoto wako wa kwanza nilisafiri na sabuni na doti ya kanga. Tukakaa ndani wanawake wote, mtoto akawa anazungushwa, huyu anampokea anamtemea baraka, anampa mwenzake. Alipofika kwa aliyekaa kulia kwangu, akampitisha mbele ya magoti yangu akampa aliyekaa kushoto. Ulitazama chini. Sikulaumu, ulikuwa mzazi mpya na mwoga, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeficha mikono chini ya kanga ili nisiwape taabu. Nakukumbusha kwa sababu utaona mbele nataka nini.

Sasa Mama Neema. Alipougua nilifunga kibanda nikampeleka Mwanza, hospitali ya rufaa, maana watoto wake bado wadogo na mumewe yuko porini na ng'ombe. Tulipokelewa na daktari mwanamke, mdogo kwangu kwa umri, ana sauti ya chini kama anaongea na mtoto aliyelala. Akauliza kama katika ukoo kuna wengine. Nikamjibu haraka, maana jibu nilikuwa nalo maisha yangu yote. "Wapo, daktari. Ni wale wenye jina la Minza. Na mimi ni Minza."

Hakucheka. Aliweka kalamu mezani. "Dada yangu, tuyaache majina kidogo," akasema. "Niambie aliyekufa kwenu ni nani, na alikufaje. Wote. Hata wanaume."

Nikaanza kumtajia. Nikamtajia Shangazi Ngolo, mdogo wake Baba, yule aliyejaa maji tumboni. Unakumbuka tulivyosema kapewa kitu kwenye pombe na mke mwenzake, hadi yule mama wa watu akafukuzwa na mji ukavunjika. Daktari akaniomba nirudie. Tumbo lilijaaje? Alikuwa na umri gani? Nikamtajia na Baba, jinsi mkojo ulivyoziba, kisha mgongo ukaanza kumuuma hadi analia mbele ya watoto, nasi tukasema ni kazi ya kulima na maksai. Akatikisa kichwa taratibu. Akasema hawezi kuapa kwa watu ambao hakuwapima, lakini saratani ya titi, ya mayai ya uzazi na ile ya tezi dume kwa wanaume zinaweza kutoka kwenye kasoro moja ya kurithi.

Ngolo, Limi. Na Baba. Hawakuwa Minza, ndiyo maana hatukuwahesabu. Tulihesabu wenye jina tu, halafu tukashangaa kwamba wote wana jina.

Wakachukua damu ya Mama Neema ikapelekwa nje ya nchi. Tulisubiri sana, hadi nikadhani imepotea njiani. Majibu yaliporudi daktari alituita sote wawili akatueleza, na mimi nitakueleza kama nilivyoelewa, ukiona nimekosea basi kosa ni langu si lake.

Mwili wetu umejengwa kwa seli, vitu vidogo visivyoonekana kwa macho, na kila siku zinajigawa ili kuziba pengo la zilizochoka. Ndani ya kila seli mna maagizo tuliyorithi kwa wazazi, wanayaita jeni. Yapo maagizo ya kusema ongezeka, na yapo ya kusema basi, inatosha, simama, rekebisha kilichoharibika kwanza. Hayo ya kusimamisha ndiyo yanayozuia uvimbe. Yakiharibika, seli inazaliana ovyo, haisikii la mtu, na hiyo ndiyo saratani. Daktari akasema ni kama breki za gari. Mama Neema akaitikia. Mimi nikamwambia, "Daktari, mimi hata baiskeli sijawahi kuendesha."

Tulipotoka nililifikiria hilo njia nzima hadi Kahama. Siku iliyofuata nikaenda kwa Kulwa. Kulwa ni kijana anayekula kwangu kwa mkopo wa maneno matamu, kazi yake ni kupiga matimba, yaani yale magogo ya kuzuia shimo lisibomoke. Nikamuuliza, "Ukiweka magogo mawili sehemu moja, moja likawa limeoza, shimo linaanguka?"

"Haliangukagi, Mama. Linasimama tu. La pili linabeba."

"Na la pili likioza?"

"Hapo ukimbie, hata supu usimalize."

Basi nikaelewa. Kwa kila jeni hiyo tuna nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Mtu aliyezaliwa na magogo mawili mazima, mpaka yaoze yote mawili sehemu ile ile inachukua maisha. Yanaoza kwa umri, kwa moshi wa sigara, kwa sumu, na mara nyingine kwa bahati mbaya tu isiyo na sababu. Ndiyo maana saratani nyingi zinawapata watu wazima. Lakini yupo anayezaliwa moja likiwa limeshaoza, amelirithi hivyo. Anakua vizuri, anacheza, anaolewa, anazaa, shimo limesimama kwa gogo moja. Siku la pili likipata ufa katika seli moja tu, seli moja ya titi au ya tumboni, pale panaanza kubomoka. Kwa hiyo wa kwetu wanaondoka mapema, bado wana watoto mgongoni.

Nilipomrudishia daktari maneno ya magogo safari iliyofuata, aliyapenda, ila akanisahihisha. Kurithi gogo bovu siyo kuugua. Wapo wanaolibeba hadi uzee bila saratani. Ni hatari tu iliyozidi ya wengine, na mtu akiijua anachunguzwa mapema na mara kwa mara, kinachoota kinaonwa kikiwa kidogo. Nikamuuliza kuhusu zebaki ya kusafishia dhahabu, maana nilikuwa nimeanza kuilaumu. Akasema zebaki ina madhara yake mengi na nikae nayo mbali, lakini hii ya kwetu tumezaliwa nayo.

Nikamwambia Kulwa kwamba nyumbani tuliamini ni jina. Akaacha kijiko. "Gogo huwa halina jina, Mama. Hata ulichonge jina la mtemi, likioza limeoza tu. Mimi naligonga kwa kisogo cha shoka, nasikiliza. Siliulizi linaitwa nani." Kisha akaomba aongezewe mchuzi.

Sasa sikiliza vizuri. Walinipima na mimi. Siku ya majibu nilivaa kile kitenge changu cha Pasaka, nikaoga kama mtu anayekwenda kuhukumiwa. Nilishapanga nani atarithi sufuria zangu. Daktari akasema, "Dada Minza, kwako hatukuikuta ile kasoro."

Nikamwambia asome tena. Akasoma tena. Nikamuuliza kama hawakuchanganya na damu ya mtu mwingine. Akasema waliipima mara mbili. Akaongeza kwamba bado mimi ni mwanamke kama wanawake wengine, napaswa kujichunguza kama wao, lakini ile ya ukoo sinayo.

Nililia pale hadi nesi akaniletea maji. Akanipa pole halafu akanipa hongera, hakujua ashike ipi. Siyo furaha iliyoniliza, Limi, nisikudanganye. Nilimlilia yule fundi wa karasha. Niliwalilia watoto ambao sikuwazaa kwa ajili ya jina. Maisha yangu yote nilikaa kama mgeni aliyefunga mizigo, anasubiri basi ambalo halikuwa lake.

Nilipofuta machozi swali la kwanza lilikuwa lako. Nikauliza, "Kama mimi mwenye jina sina, basi wadogo zangu wasio na jina wako salama?" Daktari akaniambia hapana. Akasema kama Baba alikuwa nayo, basi kila mtoto aliyezaliwa alipata ama lile gogo zima la Baba ama lile bovu, nusu kwa nusu, kila mmoja kwa zamu yake. Kwamba mimi nilipata zima haikupunguzii wewe wala kukuongezea. Kaka Luhende naye yumo. Mwanaume anaibeba, anaweza kuugua, na anaweza kuwapa watoto wake wa kike na wa kiume. Hatuwezi kusema tena ni ugonjwa wa wanawake tu, wala wa jina. Umetoka upande wa Baba, ukapita kwa wanaume kimya kimya wakati tunawatazama wenye matiti.

Nilipomweleza Mama Neema habari zako alikuwa kitandani, nywele zimekwisha kwa dawa, kichwa kimebaki cheupe kama yai. Bado ni mtani yule yule, ananiambia sasa anafanana na Baba Mkubwa. Lakini nilipomwambia ulichonijibu kwenye simu, akaacha utani. Akaniambia hivi, na ameniomba niyaandike kama alivyosema:

"Mwambie Limi mimi nilipokiona changu sikushtuka. Nilisema, basi limefika, lile la jina. Nikakaa. Nikakaa mwaka mzima, nafunga kanga juu yake, maana kwenda hospitali kufanya nini na mimi nimeshahukumiwa? Na yeye anakaa kwa sababu anasema hakuhukumiwa. Mmoja anakaa kwa sababu analo jina, mwingine anakaa kwa sababu hana. Tumekaa wote, mayu, na lenyewe halikai."

Daktari hajanificha. Anasema wangemwona mapema ingekuwa habari nyingine. Sasa wanafanya wanaloweza. Siku nyingine anakula, siku nyingine anageukia ukuta. Sijui kama ataiona tena michembe ikianikwa. Watoto wake nimewachukua mimi, wako hapa kibandani, Neema ananisaidia kuosha vyombo baada ya shule na anaimba akiosha, na sijui nimwambie nini akiuliza mama anarudi lini.

Kwa hiyo usiniambie mimi siyo Minza. Mimi ndiye Minza, na mimi ndiye sina.

Inawezekana kabisa ni maziwa. Naomba Mungu iwe ni maziwa, nije nicheke na wewe nikutanie hadi uzeeni kwamba ulinifungisha kibanda kwa ajili ya maziwa. Sijui, mimi siyo daktari, na wewe siyo daktari, na huyo mganga niliyesikia anakupaka dawa ya mizizi naye siyo. Wifi anasema uvimbe hauumi, na kwamba umekuwepo tangu kabla hujajifungua. Maziwa gani hayo yaliyoganda kabla ya mtoto? Ulimwambia hivyo huyo mganga, au ulimwambia jina lako akakuambia uende zako?

Usimruhusu akuchanje. Hilo naomba kwa magoti. Na usifikiri ukijua ndiyo utakuwa umeliita. Najua ndivyo unavyofikiri, maana nilifikiri hivyo hivyo.

Nakuja. Tayari nimeongea na mama mmoja atakayeangalia kibanda na watoto. Barua hii inatangulia na kifurushi, mimi nafuata kwa basi la Morogoro, kisha nitapanda jingine nishukie Ifakara. Mwambie Kaka Luhende asiuze ng'ombe, asiite kikao, asitume mtu kuniuliza nakuja kufanya nini. Nakuja kukupeleka hospitali hapo hapo Ifakara, uguswe na mtu aliyesomea, wachukue kipande wakipime wajue ni nini. Nina karatasi ya daktari wa Mwanza inayoeleza ya ukoo wetu, tutampa wa huko aisome. Yakitoka majibu mabaya tutakwenda watakapotutuma, tutakwenda wote wawili. Yakitoka mazuri, bado tutapima damu yako na ya Kaka, kwa ajili ya watoto wenu. Atakataa, najua, ataniambia yeye dume. Niachie mimi huyo.

Shemeji Madata akikuzuia, mwambie nimesema nitalala mlangoni kwake na sufuria zangu hadi akuruhusu. Ananijua.

Naogopa, Limi. Niandike wazi ili usifikiri nakuja na ushujaa. Nilizoea kujiogopea mwenyewe, nilijua jinsi ya kuubeba woga huo, ulikuwa kama ndoo niliyoizoea kichwani. Huu wa kwako sijui naubebaje. Ukoo mzima mlikuwa mnanililia mimi kimoyomoyo, na mimi nikakubali, nikijua angalau Limi wetu ni jua kali, Limi hana neno. Ndiyo ilikuwa faraja yangu. Nikipata usingizi siku hizi ni kwa kuchoka tu.

Nisalimie Mama, lakini haya usimsomee, nitamwambia mwenyewe nikiwa nimemshika mguu. Msalimie Kaka Luhende na wifi yangu mwenye moyo wa kutunza siri pale zinapostahili kutunzwa tu. Shemeji Madata mpe salamu na onyo. Wajukuu wote wa Baba wape mchembe mmoja mmoja, waambie umetoka kwa shangazi yao wa Nyahanga, wamwombee wakitafuna. Mama Neema naye anakusalimu, anasema usimjibu kwa barua, umjibu kwa kwenda.

La mwisho ni hili. Uje stendi ya Ifakara wewe mwenyewe, na mtoto umbebe. Kutakuwa na watu wengi na huenda usinione, nimekonda. Usiniite Dada Mkubwa. Niite Minza, kwa sauti, wapiga debe wageuke, kina mama wa Kisukuma waliopo wageuke na watoto wao. Niite hata mara mbili.

Halafu nikabidhi mtoto. Wewe ingia kwa daktari. Mimi utanikuta mlangoni, na mwanao mgongoni mwangu.

Dada yako,
Minza